Tumbo Linapoharibika Baada ya Kutoka Hospitali

Yafuatayo ni mazungumzo ya muuguzi mstaafu mbele ya watu wanaotunza wagonjwa na wahudumu wa afya wa kijijini, waliokutana Kaplong kwa mafunzo ya siku moja. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa mwishoni.

 

Nimeombwa niwazungumzie juu ya kuharisha. Najua wengine mmeshasema moyoni, "Hilo somo tumelisikia: chemsha maji, chimba choo, funika chakula." Ni kweli mmelisikia, na ni somo zuri. Lakini leo sizungumzi juu ya kuharisha kunakotoka mtoni. Nazungumza juu ya kuharisha kunakomfuata mgonjwa kutoka hospitali, mahali tulipompeleka ili apone.

Tuseme hivi. Kogo wa miaka 70 ameteleza asubuhi akienda kukamua, na mfupa wa paja umevunjika. Watoto wamechanga, amelazwa, amepasuliwa, amechomwa sindano za kuzuia kidonda kisioze, na baada ya wiki mbili anarudi nyumbani. Watu wanafurahi, kuku anachinjwa. Siku ya tano tumbo linaanza kuendesha. Leo mara tatu, kesho mara nane, maji matupu yenye harufu kali. Nyumba nzima inasema ni amoeba. Kijana anapanda boda boda mpaka sokoni kwa kemisti, anarudi na kapsuli za rangi mbili pamoja na tembe za kufunga tumbo. Baada ya siku mbili tumbo limefunga kweli, lakini limevimba kama ngoma, na kogo anasema maneno yasiyoeleweka. Kabla gari halijapatikana amekata roho. Kwenye mazishi tunasema ni ule mguu, au ni uzee, au wengine wanaanza kutafuta ni nani aliyemwangalia vibaya.

Kogo huyo ni wa mfano tu, sikumtaja mtu. Lakini naona vichwa vinatikisika hapa mbele.

Angalieni kwamba katika nyumba ile hakuna aliyekosa upendo. Pesa zilitoka, boda boda ililipwa, dawa zikanunuliwa. Taabu ni kwamba hizo dawa zenyewe, zile kapsuli na zile za kufunga tumbo, zilikuwa zinamsukuma kuelekea kaburini. Ndiyo maana nimekuja.

Sasa tuingie ndani ya tumbo. Ninyi ni watu wa chai, kwa hivyo nitawaeleza kwa chai. Shamba lako la chai likiwa limekomaa, majani yamefunga juu kama meza, je, magugu huota chini? Huoti sana, kwa sababu hakuna mwanga. Lakini mwaka ukipogoa, ukakata mpaka vijiti vitupu, wiki chache tu unaona nini? Magugu yanatoka kila mahali. Hayakuletwa na panga. Mbegu zilikuwa zimelala pale kwenye udongo zikingoja nafasi.

Utumbo wa mtu ni hivyo hivyo. Ndani yake mna bakteria nyingi mno, za aina nyingi, na nyingi ni rafiki. Zinasaidia kusaga chakula, na pia zinajaza nafasi, ili bakteria mbaya isipate mahali pa kuota. Ukimeza antibiotiki, inaua ile bakteria iliyokupa ugonjwa, lakini haichagui sana. Inapogoa na zile rafiki. Hapo ndipo gugu moja linapata mwanga.

Gugu hilo kwa jina la kitaalamu huitwa Klostridioidi difisile. Msiogope jina. Difisile ni Kilatini, maana yake ni ngumu, yaani yenye taabu. Ilipewa jina hilo mwaka 1935 na watafiti wawili wa Marekani, Hall na O'Toole, walioipata katika choo cha watoto wachanga, na kuiotesha katika maabara ikawasumbua sana. Watoto wale walikuwa wazima, kwa hivyo kwa miaka mingi hakuna aliyeijali. Mpaka mwaka 1978 ndipo ilipojulikana kwamba ndiyo inayowaharibu utumbo watu waliotumia antibiotiki. Kwa leo tutaiita difisile, inatosha.

Difisile inafanya mambo mawili, na mkiyashika haya mawili mengine yote yatakuja yenyewe.

La kwanza, ikipata nafasi ndani ya utumbo inatoa sumu. Sumu hiyo inachoma ngozi ya ndani ya utumbo mkubwa. Mtu anaharisha maji, tumbo linamsokota, homa inaweza kuja. Mwili unapoteza maji. Ikizidi, utumbo unalegea na kuvimba, hausukumi tena, na unaweza hata kutoboka. Kwa hivyo mgonjwa aliyekuwa akiharisha mara kumi, halafu ghafla ameacha na tumbo limejaa na kuuma, huyo hajapona. Huyo ndiye wa kukimbizwa usiku huo huo. Na ndiyo sababu dawa za kufunga tumbo ni hatari hapa: zinaifungia sumu ndani.

La pili, difisile haipendi hewa. Ikitoka nje na kinyesi inajigeuza kuwa mbegu, yenye ganda gumu sana. Mbegu hiyo inakaa kwenye chuma cha kitanda, kwenye beseni, kwenye kitasa cha mlango, kwenye shuka, inaweza kukaa miezi. Haina haraka. Inangoja mkono wa mtu, mkono uende kwenye chapati, chapati iende mdomoni, na mdomo huo uwe wa mtu ambaye tumbo lake limeshapogolewa. Hospitali ni mahali ambapo watu wengi waliopogolewa wamelala karibu karibu. Ndiyo maana ugonjwa huu unapenda wadi kuliko soko.

Wengine watasema, "Hiyo ni magonjwa ya Wazungu." Ni kweli kwamba wao ndio wameihesabu zaidi. Marekani mwaka 2011 walikadiria karibu watu nusu milioni waliougua, na kama 29,000 walikufa ndani ya siku 30. Uingereza, huko Maidstone katika jimbo la Kent, ripoti ya serikali ya mwaka 2007 ilisema kwamba kati ya 2004 na 2006 wagonjwa kama 90 walikufa hakika au yamkini kwa sababu ya kijidudu hiki. Na ripoti ilieleza sababu: vitanda vimebanana, wauguzi wachache wasio na nafasi hata ya kunawa, wagonjwa wakiachwa katika shuka chafu, wengine wakiambiwa wajisaidie pale pale kitandani. Hiyo ni Uingereza, nchi tajiri. Basi ninyi mliolala na mgonjwa wenu mahali ambapo wawili wanashiriki kitanda kimoja, mnajua ninachosema.

Hapa kwetu Kenya pia imeonekana. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti kutoka hospitali mbili za Kenya, ukaikuta kwa vijana wenye kuharisha, si wazee peke yao. Mwaka 2021 ukachapishwa mwingine wa Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, ukaikuta kwa wagonjwa waliolazwa, na nyingi ya bakteria hizo zilikuwa sugu kwa dawa za aina nyingi. Tatizo ni kwamba mahali pengi haitafutwi. Na hili naomba mlielewe vizuri. Unapopeleka choo maabara, wakakiangalia kwa darubini, wakasema choo kiko sawa, maana yake ni kwamba hawakuona amoeba wala mayai ya minyoo. Difisile haijulikani kwa darubini. Inahitaji kipimo chake cha kutafuta sumu, au mashine inayosoma chembe za urithi za bakteria, na hospitali nyingi za huku mashambani hazina kipimo hicho. Kwa hivyo daktari wako mara nyingi itabidi aamue kwa kusikiliza habari. Na habari hizo anazo nani? Ni wewe.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo.

Kaplong ni njia panda. Barabara moja inakwenda Sotik na Kisii, moja Kapkatet, Litein na Kericho, moja Bomet. Mgonjwa wetu anaanzia dispensari ya karibu, anapewa dawa. Hazikufanya kazi, anapelekwa hospitali ya misheni, anachomwa sindano. Kisha anahamishwa hospitali ya kaunti, au Tenwek, au anavuka kwenda Kisii kwa sababu kuna binamu anayefanya kazi huko. Katikati ya safari hizo kuna kemisti mbili za sokoni. Ndani ya mwezi mmoja amepitia mikono sita. Kila mmoja ameandika karatasi yake, na nyingine hazikuandikwa kabisa. Daktari wa sita hajui wa kwanza alitoa nini. Kitu kimoja tu kilichokuwa pale mwanzo mpaka mwisho ni mtu anayemtunza, binti yule aliyebeba chupa ya chai na leso.

Kwa hivyo binti huyo ndiye faili. Nunueni daftari la shule, lile dogo kabisa. Andikeni tarehe, mahali, jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti, imetumika siku ngapi. Ukishindwa kuandika, usitupe pakiti, ziweke kwenye mfuko wa plastiki uende nazo. Karatasi ya kutoka hospitali isitumiwe kuwashia moto. (Watu wanacheka.) Mnacheka, lakini nimeona ikifungiwa sukari.

Na mgonjwa akianza kuharisha mara tatu au zaidi kwa siku moja, iwe bado yuko wadini au ameshafika nyumbani, hata kama imepita miezi miwili au mitatu tangu amalize dawa, mrudishe hospitali na useme maneno haya: "Alikuwa amelazwa, na alitumia dawa hizi." Usiseme, "Ana amoeba." Usiseme, "Ana typhoid." Hayo ni majina ya magonjwa, na ukishampa daktari jina akiwa na foleni ya watu 60 anaweza kulishika hilo hilo. Wewe mpe habari, jina atalitafuta yeye.

Nisieleweke vibaya. Si kila kuharisha baada ya hospitali ni difisile. Hata antibiotiki zenyewe zinaweza kulegeza tumbo kidogo bila kijidudu chochote, na likarudi likiisha dozi. Na typhoid iko, kipindupindu kiko, tumekiona Kenya kuanzia Oktoba 2022. Ninachosema ni kwamba kuna swali ambalo halikuulizwa, na jibu lake linabadilisha dawa.

Dawa zipi zinapogoa zaidi? Karibu antibiotiki yoyote inaweza, lakini zinazojulikana kwa hilo ni klindamisini, ciprofloxacin, Augmentin, na zile za jamii ya ceftriaxone, sindano ambayo kila aliyelala wadini anaijua kwa sura hata kama hajui jina. Sisemi ni dawa mbaya. Mtu mwenye homa ya uti wa mgongo, ceftriaxone ndiyo inayomrudisha. Mama aliyepasuliwa kuzaa anahitaji kinga ya kidonda. Na tafadhali sana, mtu anayetumia dawa za kifua kikuu, au Septrin kwa sababu ya virusi vya ukimwi, asiache hata tembe moja kwa kusikia maneno yangu. Aende aulize kliniki yake. Ninachokataa ni ile antibiotiki ya mafua. Antibiotiki ya "mwili unauma." Antibiotiki ya nusu dozi, tembe sita kwa shilingi kidogo kwa sababu pesa ndizo hizo. Kwa sheria ya Kenya dawa hizi zinatakiwa kuuzwa kwa cheti cha daktari, na tangu mwaka 2017 serikali ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, lakini sokoni kila mtu anajua inavyokuwa. Mwenye kemisti hatakunyima kama wewe mwenyewe umekuja ukiitaja kwa jina na rangi.

Haya, tutoke kwenye dawa twende kwenye mikono.

Tangu korona ya mwaka 2020 kila mlango una chupa ya sanitaiza, na watu wameiamini kama maji ya baraka. Kwa korona ilifaa, na bado inafaa kwa vijidudu vingi. Kwa mbegu ya difisile haifai. Spiriti haiwezi kuvunja lile ganda. Unaipaka, inakauka, na mbegu iko pale pale, sasa imepakwa spiriti. Kinachosaidia ni sabuni na maji yanayotiririka, kwa sababu hapo huiui, unaiondoa, inaenda na maji. Sugua dakika nzima hivi, katikati ya vidole, kucha, kidole gumba. Ukimaliza kumsafisha mgonjwa, nawa. Kabla hujamlisha, nawa tena. Hata kama ulikuwa umevaa glavu, ukizivua unanawa.

Sasa tuseme ukweli kuhusu wadi. Sista mmoja usiku, wagonjwa wengi. Anayembadilisha mgonjwa ni nani? Ni ndugu yake. Anayembebea beseni ni ndugu yake. Halafu huyo ndugu ni mtu mwema, anaona mzee wa kitanda cha pili hana mtu, anamsaidia kumwinua, anampa uji. Huo ni wema ambao sitaki upotee. Lakini mikono ile ile imetoka kwenye beseni. Wema wako unapita na mbegu kutoka kitanda kimoja kwenda kingine, na yule mzee asiye na mtu ndiye ambaye hatakuwa na wa kumrudisha hospitali tumbo likianza.

Na sisi tunaokwenda kuwaombea. Jumuiya inakuja watu 15, kila mmoja anamshika mgonjwa mkono, anashika chuma cha kitanda, kisha tunaenda kitanda kinachofuata. Wageni wawili wanatosha, wengine waombee nje, Mungu anasikia kutoka uwanjani pia. Na hao wawili wanawe wakiingia na wakitoka. Usikae juu ya kitanda. Mkoba usiuweke sakafuni halafu mezani nyumbani.

Beseni la choo la mgonjwa anayeharisha liwe lake peke yake. Kama hospitali haina la kutosha, nunua lako la plastiki, uliandike jina. Mgonjwa anayeharisha akiweza kupewa chumba chake, au angalau kona yake na choo chake, mwombe sista. Muulize kwa heshima. Wauguzi wengi watafurahi kwamba kuna mtu anayejua sababu.

Je, mambo haya madogo yanaleta matunda? Turudi Uingereza. Baada ya aibu ile ya Maidstone walifanya nini? Hawakugundua dawa mpya. Walipunguza zile antibiotiki zinazopogoa sana, wakasafisha wadi kwa klorini, wakawatenga wanaoharisha, wakarudi kwenye sabuni. Mwaka wa 2007/08 walikuwa wamehesabu wagonjwa zaidi ya 55,000 katika Uingereza pekee. Kufikia 2013/14 walikuwa takriban 13,000. Sabuni ninyi mnayo.

Matibabu yenyewe nitayapitia upesi kwa sababu ni kazi ya daktari. Kwanza ataangalia kama antibiotiki iliyoleta matata inaweza kusimamishwa au kubadilishwa. Wengine hupata nafuu kwa hilo tu. Kisha kuna dawa mbili. Moja ni metronidazoli, wengi mnaijua kama Flagyl, kwa ugonjwa usio mkali. Nyingine ni vankomisini ya kunywa, hasa ukiwa mkali. Vankomisini ni ghali na haipatikani kila mahali, na hapa kuna jambo la kujua: ya mshipani haiufikii ugonjwa huu, lazima ipite mdomoni mpaka kwenye utumbo. Ile ile ya unga wa sindano inaweza kuchanganywa hospitalini ikanywewa. Kwa kawaida ni siku 10, na unamaliza hata kama tumbo limetulia siku ya nne.

Sasa mtu atasema, "Kumbe ni Flagyl! Si ndiyo hiyo nanunuaga?" Ndiyo, na ndiyo hatari. Umeimeza tembe nne, tumbo limetulia kidogo, umeacha. Au mgonjwa alikuwa wa hali kali, alihitaji ile nyingine, na siku tatu zimepotea. Flagyl pia ni antibiotiki, nayo inapogoa.

Kati ya wagonjwa watano, mmoja hivi humrudia baada ya kupona, mara nyingi ndani ya wiki chache. Ikirudi si kwamba alirogwa wala kwamba daktari alidanganya. Ni zile mbegu. Rudi hospitali.

Na wakati wote huo, maji. Anza mara moja, hata kabla ya kutafuta gari. Pakiti ya ORS kama iko, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Kama haiko, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi. Anywe kidogo kidogo, kila akiharisha aongezewe. Mgonjwa ambaye hakojoi, au anachanganyikiwa, au ana damu kwenye choo, au tumbo limevimba, huyo usikae naye ukimnywesha nyumbani. Peleka.

Kuna wakati wa maswali.

Mama mmoja aliuliza kama mursik inaweza kurudisha zile bakteria rafiki, kwa kuwa maziwa yaliyolala yana bakteria nzuri.

Swali zuri, na nilijua litakuja. Mursik ni chakula chetu, na mtu mzima akiinywa mimi sina neno. Lakini haijathibitishwa kwamba inatibu difisile. Na mgonjwa aliyedhoofika sana, maziwa yaliyotiwa kwenye kibuyu bila kuchemshwa yanaweza kumletea magonjwa mengine. Hata kibuyu kikisafishwa kwa mkaa wa senetwet, mkaa hauondoi alichokuwa nacho ng'ombe. Ngoja apone, kisha mpe iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Isiwe badala ya kwenda hospitali.

Kijana aliuliza kama ni kweli kwamba huko ng'ambo wanatibu kwa kinyesi.

(Watu wanacheka sana.) Ni kweli kabisa. Mwaka 2013 madaktari wa Uholanzi walichapisha matokeo yao. Walichukua kinyesi cha watu wazima waliopimwa, wakakichanganya na maji ya chumvi, wakakichuja, wakakipitisha kwa mpira mpaka ndani ya utumbo wa wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa unawarudia rudia. Kati ya 16, 13 walipona kwa mara ya kwanza. Ni kama kupanda upya miche kwenye shamba lililopogolewa vibaya. Lakini anayetoa hupimwa magonjwa mengi sana, na hufanywa hospitalini. Asitokee mtu hapa akaenda kujaribu nyumbani.

Mzee aliuliza kama ana hatari yeye mwenyewe anayemtunza mke wake, na kama watoto wahamishwe.

Mtu mzima ambaye hajatumia antibiotiki ana kinga nzuri, shamba lake limefunga. Mbegu inaweza kupita tumboni mwake bila kumdhuru. Kwa hivyo usimwogope mama, lala naye nyumba moja, mlishe, mshike mkono. Nawa tu. Wa kuangalia zaidi ni wazee wenzako wa miaka 65 kwenda juu, wenye ugonjwa mwingine mzito, na yeyote aliye kwenye antibiotiki wakati huo. Wanaomeza omeprazole kwa ajili ya vidonda vya tumbo nao wamwambie daktari, kwa sababu wanaotumia dawa hizo wameonekana kuupata ugonjwa huu zaidi. Watoto wasihamishwe, wafundishwe sabuni.

Wa mwisho alikuwa mama aliyeuliza amwage wapi kinyesi, na Jik achanganye vipi.

Mwaga kwenye choo cha shimo, si kwenye mboga wala chini ya migomba, na ndoo usiioshee mtoni. Ioshe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu uishe, maana Jik haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha Jik ya kawaida, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji baridi. Ipake ndani na nje ya ndoo, kwenye kikalio cha choo, kwenye kitasa na upande wa kitanda, iache dakika 10, halafu usuuze. Changanya ya siku hiyo tu, kesho itakuwa imepungua nguvu. Usiichanganye na sabuni ya unga wala dawa nyingine ya choo, itatoa moshi wa kukukaba. Shuka na nguo zake zioshwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni, zianikwe juani. Leso yako ya rangi usiitie Jik, itabaki nyeupe. Na chupa yenyewe iwekwe juu, mbali na watoto, wala isihamishiwe kwenye chupa ya soda.

Sasa tutoke nje kwenye mfereji, kuna sabuni na beseni mbili. Kila mtu atanawa, na mwenzake amhesabie dakika.